Muulize Fundi: Taimingi haihami yenyewe

Barua za safari hii karibu zote zimeegemea upande mmoja: pampu za dizeli za matrekta ya zamani na taimingi yake, yaani wakati hasa pampu inapopiga mafuta kwenye silinda. Wengi walioandika walikuwa wameshafungua kitu kabla ya kushika kalamu. Nimechukua tano. Ya kwanza nitaijibu kwa urefu, kwa sababu ndani yake mna karibu kila kosa la kazi hii na karibu kila dawa yake.

SWALI: Shikamoo fundi. Nina trekta aliloniachia baba, lina injini ya Perkins ya silinda tatu na pampu ya duara, ile inayogawa mafuta kwa kuzunguka. Pampu ilianza kuvuja nikaipeleka ikakarabatiwe. Iliporudi na kufungwa, trekta likawa gumu kuwaka asubuhi, linatoa moshi mweupe unaowasha macho, na jembe likizama kwenye ardhi ngumu linalemewa. Fundi wangu akalegeza nati tatu za pampu akawa anaizungusha huku injini inaunguruma, anatafuta sauti nzuri. Sasa hatujui tena ilikuwa wapi. Alama ya kwenye flanji, ule ukingo unaoifunga pampu kwenye injini, imefutika kwa kutu na rangi. Nianzie wapi?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Anza kwa kuzima injini, na fundi wako aweke spana chini. Ukizungusha pampu wakati mirija yake imekazwa unaipinda, na mrija uliopindwa leo utapasuka kesho ukiwa shambani.

Una sababu halali ya kuishuku taimingi: pampu ilitoka, ikarudi, ugonjwa ukaanza. Asiyegusa pampu yake nitamjibu vingine hapo chini. Na moshi wako unasema jambo. Mweupe unaowasha macho ni dizeli iliyoingia kwenye silinda ikatoka bila kuungua. Ungekuwa mvuke wa maji ya rejeta usingewasha hivyo, na maji yangekuwa yanapungua.

Dizeli haina plagi. Hewa inabanwa mpaka inapata moto, mafuta yananyunyizwa ndani yake, lakini hayashiki papo hapo. Lazima yapate joto, yageuke mvuke, ndipo yawake. Chukulia kitambo hicho ni sehemu moja ya elfu ya sekunde. Injini ikizunguka mara 2000 kwa dakika, krankshafti, ile shafti kuu inayozungushwa na pistoni, inapita digrii 12 ndani ya kitambo hicho. Ndiyo maana nozeli, ile inayonyunyiza mafuta ndani ya silinda, inapiga kabla pistoni haijafika juu kabisa, pale tunapopaita topu. Ukichelewa, moto unaifukuza pistoni ambayo imeshaanza kushuka: nguvu inapotelea kwenye ekzozi, na asubuhi ya baridi mafuta mengine hayaungui kabisa. Ukiwahi mno, moto unaikuta pistoni bado inapanda, nayo inapigwa utosini. Hiyo ndiyo inayotoboa pistoni na kula beringi.

Kabla ya kushika kitu chochote, rudi kwa waliokarabati pampu ukawaulize swali moja: je, sakilipi ya taimingi iliwekwa upya mezani? Nieleze ninachokisema. Ubavuni mwa pampu yako kuna kidirisha cha chuma chenye skrubu mbili, mara nyingi zimefungwa kwa waya na risasi. Ukikifungua, dizeli itamwagika kiasi, basi weka kopo. Ndani utaona sahani inayozunguka pamoja na rota, kile kiini cha pampu kinachozunguka, imechorwa mistari, kila mstari na herufi yake. Pembeni, kwenye mwili wa pampu, imekaa sakilipi, ile ringi nyembamba iliyoachwa wazi upande mmoja. Ncha yake moja imekatwa mraba, au ina mstari uliochorwa juu yake. Alama hiyo ikitazamana na mstari wa herufi unaotakiwa, pampu iko tayari kupiga silinda ya kwanza.

Lakini sakilipi hiyo haina pini inayoizuia. Inakaa pale ilipowekwa na mkono wa mtu. Kwenye meza ya pampu hutiwa presha kwenye tundu la silinda ya kwanza, shafti inazungushwa mpaka roli zinakutana na kamu, yale manundu yanayozisukuma, na kukwama, kisha sakilipi inasogezwa ikae sawa na herufi. Pampu ikifunguliwa na kurudishwa bila kufanya hivyo, alama yako ni ya uongo tangu mwanzo, na utaseti kwa uangalifu wote ukaangukia pabaya. Wakikujibu kwa kusitasita, irudishe pampu mezani.

Wakikuhakikishia kwamba iliwekwa, sasa tutafute topu ya silinda ya kwanza, ile ya mbele upande wa feni. Hapa ndipo watu wengi wanapokosea, na mimi niliwahi kukosea hapohapo. Niliseti trekta moja kwa kufuata alama ya kwenye flaiwili, lile gurudumu zito la nyuma ya injini. Likatoa moshi. Nikarudia, nikarudia tena, kila mara alama zote zinatazamana kama inavyotakiwa na trekta linatoa moshi uleule. Siku mbili zilikwisha. Siku ya tatu nikaipima topu yenyewe, nikakuta alama ya flaiwili iko mbali na topu ya kweli. Mwenye trekta ndipo akakumbuka kwamba kulibadilishwa klachi mwaka uliotangulia. Flaiwili ilitoka, ikarudishwa kwenye matundu yasiyo yake. Tangu siku hiyo siamini alama ya topu ambayo sijaipima, hata iwe imepigwa kiwandani.

Kuipima si kazi ya macho. Injini yako, ikiwa ni ile ya familia ya AD3.152, ina mwendo wa pistoni wa milimita 127. Pamoja na urefu wote huo, digrii 5 kabla ya topu pistoni iko chini kwa theluthi moja tu ya milimita. Utachomeka waya kwenye tundu la nozeli, utasema imefika, kumbe uko digrii 5 huku au digrii 5 kule. Kwenye topu pistoni inasimama kama inayopumzika, na huwezi kuona ni wakati gani hasa imegeuka.

Fanya hivi. Toa nozeli zote ili injini izunguke kwa mkono bila kubanwa, na uzibe matundu ya mirija kwa kitambaa safi. Fungua kifuniko cha tapeti. Zungusha krankshafti kwa spana kwenye nati ya puli, kwa upande injini inakozunguka siku zote. Angalia valvu ya kuingiza hewa ya silinda ya kwanza ikifungua, kisha ikifunga. Baada ya hapo pistoni inapanda na roka zote mbili, vile vyuma vinavyosukuma valvu, zinacheza kidogo ukizitikisa. Hilo ndilo pigo la kompresheni. Kama roka moja imebana, uko kwenye pigo la kutoa moshi, zungusha tena duara zima.

Pistoni ikikaribia topu, toa springi ya valvu moja ya silinda hiyo. Kabla valvu haijaachiwa, vika shina lake ringi ya mpira au lifunge uzi imara, isije ikazama ndani. Iache ishuke taratibu mpaka ikae juu ya kichwa cha pistoni. Sasa una kijiti kinachopanda na kushuka pamoja na pistoni. Weka dayo geji, ile saa ya kupimia milimita, juu ya shina hilo. Zungusha mpaka saa ionyeshe pistoni iko milimita 1 chini ya kilele, piga chaki kwenye puli mbele ya kitu kisichosogea. Endelea upande uleule, ipite topu, ishuke tena mpaka milimita 1 ileile, piga chaki ya pili. Katikati ya chaki mbili ndipo topu ilipo. Sipendi kutumia chaki kwa alama ya mwisho. Nikishaipata, naichora kwa ncha ya msumari mgumu na kuipaka rangi nyeupe. Na wakati wote huu valvu imelegea, usiizungushe injini mbali na topu, pistoni ikishuka sana valvu itaifuata.

Sasa kitabu cha injini yako. Tafuta namba iliyopigwa kwenye kibati cha pampu, kwa sababu injini ileile ilitoka kiwandani na pampu zenye namba tofauti na taimingi tofauti. Usichukue kipimo cha trekta la mwenzako kwa kuwa yanafanana rangi. Injini nyingi za zamani huangukia kati ya digrii 15 na 30 kabla ya topu, na hapo katikati ni papana mno kwa kubahatisha. Vitabu vya Perkins vina wema mmoja mkubwa: vinakupa digrii, na pia vinakupa pistoni iko chini ya topu kwa milimita ngapi. Wewe tayari una valvu na saa mahali pake, basi tumia milimita moja kwa moja. Kwenye injini yako digrii 20 ni karibu milimita 5.

Kama unatumia digrii, zungushia puli utepe wa kupimia. Mzingo ukiwa milimita 540, kila digrii ni milimita 1.5, na digrii 20 ni milimita 30 kutoka kwenye alama ya topu. Ni hesabu ya darasani lakini ndiyo inayotenganisha fundi na mbahatishaji.

Ukishachora alama ya kupiga kwenye puli, rudisha springi ya valvu na pini zake kabla hujafikiria jambo jingine lolote. Sasa rudisha injini nyuma robo duara, kisha ilete mbele polepole mpaka kwenye alama hiyo. Ukipitiliza hata kidogo, usirudi nyuma ukasimama hapo. Rudi robo nyingine na uje tena kwa mbele. Gia za taimingi zina nafasi ya kucheza kati ya meno, na ukija kwa nyuma nafasi hiyo inaingia kwenye kipimo chako.

Chungulia kidirishani na tochi. Mstari wa herufi uliyoambiwa na kitabu unatakiwa uwe umetazamana na alama ya sakilipi, si karibu nayo. Kama haujafika, legeza nati za mirija kwanza, kisha nati tatu za flanji, na usogeze mwili wa pampu. Kanuni ya kushika ni hii: ukiuzungusha mwili kinyume na mshale wa mzunguko uliopo kwenye kibati cha pampu, unawahisha. Ukiuzungusha kufuata mshale, unachelewesha. Kamu imo mwilini, rota inaijia. Ukiisogeza kamu kuilaki, wanakutana mapema.

Na usogeze kwa unyenyekevu. Pampu inazunguka nusu ya mwendo wa krankshafti, kwa hiyo digrii 1 ya pampu ni digrii 2 za injini. Kwenye flanji yenye nusu kipenyo cha milimita 50, digrii hiyo 1 ni chini kidogo ya milimita 0.9. Yaani upana wa waya mwembamba umebadilisha taimingi kwa digrii 2. Sasa fikiria fundi wako aliyekuwa anasukuma kwa kiganja injini ikiunguruma.

Ikiwa mianya ya flanji imekwisha na mstari bado haujafika, acha. Usichonge mianya kwa faili. Hapo gia imeruka jino, na jino moja kwenye gia ya meno 60 ni digrii 6 za pampu, digrii 12 za injini. Pampu nyingi za aina yako zina shafti ya mifereji yenye mfereji mmoja mpana, haiingii vibaya, basi shuku gia zilizo ndani ya kifuniko cha mbele. Na ukifungua huko usishtuke ukikuta nukta za gia ya kati hazitazamani. Gia ya kati ina idadi yake ya meno, nukta zake hukutana tena baada ya mizunguko mingi. Zungusha kwa subira, uhesabu.

Ukipata, kaza, kisha zungusha krankshafti mara mbili kamili na upime tena kutoka mwanzo. Kukaza kwenyewe husogeza pampu. Ikikubali mara mbili mfululizo, chora mstari mpya kwa tindo kali kwenye flanji na kwenye kifuniko cha gia, mstari mmoja unaovuka vyote viwili, ili atakayekuja baada yako asihangaike ulivyohangaika.  Halafu toa upepo kwenye filta, kwenye pampu, na mwisho kwenye nati za nozeli huku stata ikizungusha.

SWALI: Habari za kazi fundi. Trekta langu linagonga kwa sauti kali kama nyundo, hasa likiwa halijapata moto. Kila anayelisikia ananiambia taimingi imewahi. Pampu haijaguswa miaka mingi. Niisogeze kidogo nyuma?

JIBU: Salama, ndugu yangu, na usiisogeze. Taimingi haihami yenyewe. Ni gia zilizoshikana meno na flanji iliyokazwa kwa nati tatu. Haziwezi kuamka usiku mmoja zikahama. Zitahama kama nati zimelegea, jambo utakaloliona kwa mafuta yanayotambaa kwenye gasketi na flanji iliyong'aa kwa kusuguana, au kama boliti za gia ya pampu zimekatika, au gia zimechakaa kupita kiasi. Na gia zikichakaa, au kamu ikilika, taimingi huchelewa, haiwahi. Kwa hiyo pampu isiyoguswa inayogonga kwa kuwahi ni jambo ambalo sijaliona kwa macho yangu.

Shuku nozeli. Nozeli iliyokwama sindano yake haipulizi ukungu, inamwaga mafuta kama mkojo, yanakusanyika kisha yanashika yote kwa mpigo mmoja. Sauti yake na ya taimingi iliyowahi zinafanana kabisa. Washa injini, iache kwa mwendo mdogo, halafu legeza nati ya mrija kwenye nozeli moja, robo ya duara, kaza, nenda inayofuata. Ile ambayo ukiilegeza kugonga kunakoma ndiyo mgonjwa. Silinda zote zikigonga sawasawa, na ukilegeza yoyote kugonga hakubadiliki, hapo ndipo nitakubali tupime taimingi, baada ya kupima uwazi wa tapeti na kompresheni. Kompresheni iliyoshuka nayo hufanya injini igonge ikiwa baridi, kwa kuwa hewa haipati joto la kutosha na mafuta yanachelewa kushika.

Funga kitambaa kwenye nati unapoilegeza, na usijaribu nozeli kwa kuielekeza mkononi. Nozeli za injini hizi hufunguka kwa presha ya zaidi ya atmosfia 170. Mchirizi huo unapenya ngozi kama sindano, na tundu lake ni dogo hata hulioni. Aliyepigwa nao aende hospitali saa hiyohiyo hata kama haumwi, kwa sababu dizeli iliyoingia ndani ya nyama inaua kidole, wakati mwingine mkono.

SWALI: Fundi, salamu nyingi. Mimi ni mama mkulima, trekta langu ni la silinda nne na pampu yake ni ile ndefu ya mstari, mirija minne inatoka juu kwa mpangilio. Haina kidirisha wala herufi. Vijana wanaonisaidia wametoa pampu kubadilisha gasketi na hawakuweka alama. Itasetiwaje?

JIBU: Mama, pampu yako ni rahisi kuliko ya kijana wa kwanza, kwa sababu yenyewe itakuonyesha kwa tone la mafuta. Tunaita taimingi ya matone. Pampu za namna hii zina historia ndefu. Kampuni ya Bosch ilianza kuzitengeneza kwa wingi mwaka 1927, na kanuni yake haijabadilika: kila silinda ina pistoni yake ndogo ndani ya pampu, ikipanda inaziba tundu la kuingizia mafuta, na kuanzia hapo ndipo inasukuma.

Waambie vijana watafute topu ya silinda ya kwanza kama nilivyoeleza juu. Kwenye injini yako ya silinda nne kuna msaada: kama mpangilio wa kuwaka ni 1-3-4-2, silinda ya kwanza ikiwa topu ya kompresheni, valvu za silinda ya nne zinabadilishana, moja inafunga nyingine inafungua. Kisha wasimamishe injini kwenye digrii za kitabu na kufunga pampu kwa kulegea, mwili wake ukiwa umesogezwa upande wa kuchelewesha.

Wafungue kishikio cha valvu ya juu cha elementi ya kwanza ya pampu, ile inayolisha silinda ya kwanza, watoe springi na valvu ndogo iliyomo, waziweke kwenye kikombe cha dizeli safi na kukifunika. Uchafu wa ukubwa wa chembe ya vumbi unatosha kuiharibu valvu hiyo. Warudishe kishikio kitupu na kufunga juu yake kipande cha mrija kilichopindwa kama shingo ya bata. Mkono wa mafuta uwekwe kwenye mwendo mkubwa, na mkono wa kuzimia usiwe umevutwa. Hili vijana husahau, na bila hilo pistoni ya pampu inakuwa imegeuzwa upande wa kumwaga, haizibi kamwe, na mafuta yatatiririka mtakavyozungusha.

Fungueni mafuta kutoka kwenye tangi. Yatatiririka kwenye shingo ya bata. Mwili wa pampu mmeusogeza upande wa kuchelewesha, sasa usogezeni taratibu kuelekea kuwahisha. Mtaona mchirizi unapungua, unakuwa uzi, unakatika na kuwa matone. Tone linajaa kwenye ncha ya mrija, linaning'inia, linaanguka, jingine linachukua muda mrefu zaidi kujaa. Pale tone linapokawia kabisa ndipo pistoni imeziba tundu, na hapo ndipo mafuta yanaanza kusukumwa. Kazeni hapo.

Halafu wahakikishe kwa kuzungusha injini yenyewe: warudi robo duara, waje mbele, waangalie matone yanakoma puli ikiwa wapi. Mara tatu. Zikitofautiana kwa zaidi ya digrii 1, warudie, au gia zina uchezaji mwingi. Mwisho warudishe valvu na springi, kishikio kikazwe kwa nguvu iliyoandikwa kitabuni, maana kikikazwa kupita kiasi kinabana pipa la pampu na pistoni yake.

SWALI: Trekta langu linawaka vizuri na halitoi moshi kwa mwendo mdogo, lakini nikilikanyaga halivuti. Taimingi tumepima iko sawa. Je, tuliwahishe kidogo?

JIBU: Hapana. Pampu nyingi za duara zina chombo cha kuwahisha chenyewe, kimefungwa chini ya mwili wa pampu kama kikombe kilicholala. Mwendo ukipanda, presha ya ndani ya pampu inasukuma pistoni yake nayo inaigeuza kamu. Pistoni hiyo ikikwama kwa maji au ute mbaya wa dizeli iliyokaa, pampu inabaki kwenye taimingi ya mwendo mdogo. Ukiziba hilo kwa kuzungusha mwili wa pampu, asubuhi trekta litagonga na litakataa kuwaka. Ila badilisha filta kwanza na uangalie kisafisha hewa, ndivyo vinavyonyima nguvu matrekta mengi zaidi kuliko vitu vyote nilivyovitaja leo.

SWALI: Fundi, mzee wangu aliseti taimingi kwa sikio maisha yake yote na matrekta yalifanya kazi. Kwa nini mnatuchosha na saa na chaki?

JIBU: Namheshimu mzee wako, na sikio la mtu aliyekaa na injini miaka 30 linasikia nisivyosikia mimi. Lakini sikio lina upendeleo. Injini iliyowahishwa inaitikia haraka, sauti yake ni kavu, inapendeza, na sikio litakusukuma kuwahisha kidogo tena. Pistoni hailalamiki siku hiyo. Inalalamika msimu wa tatu, kichwa chake kikiwa kimeliwa pembeni, nami nimezishika mkononi pistoni za namna hiyo nyingi kiasi cha kutotaka kuona nyingine.

Mzee aliyenifundisha kazi alitumia sikio pia, ila baada ya alama. Akishakaza pampu aliwasha injini, akaiacha ipate moto, akaweka ncha ya bisibisi ndefu kwenye mwili wa injini karibu na kila silinda na mpini kwenye sikio. Silinda zote zilitakiwa ziseme kwa sauti moja. Moja ikisema tofauti alizima na kwenda kwenye nozeli ya silinda hiyo. Pampu hakuigusa tena, ila baada ya siku ya kwanza ya kulima, trekta likiwa limepoa, alirudi na spana kukagua zile nati tatu.